Mikono ya Kuazima

Miaka michache iliyopita nilirekodi kinanda kwenye wimbo wa msanii mmoja hapa Nairobi. Nililipwa elfu tatu kwa simu, nikanunuliwa soda, nikapanda matatu nikaenda zangu nyumbani. Miezi miwili baadaye video ikatoka. Pale mwanzoni, kwenye kipande nilichokesha nikikitafuta, ameketi mrembo wa gauni jekundu mbele ya piano kubwa nyeupe. Amefumba macho. Anatingisha kichwa. Vidole vyake vinapanda na kushuka kama mtu anayekanda unga wa chapati. Muziki unateremka kwenye besi, mikono yake inakwenda upande wa sauti za juu. Muziki unanyamaza, yeye bado anakanda.

Nilimwonyesha dadangu. Akaitazama mara mbili, akasema, "Lakini huyu dem anajua kupiga, bana."

Sina ugomvi na yule dada. Aliambiwa keti hapa, tingisha kichwa, naye akatingisha. Ila tangu siku hiyo nina ugonjwa. Siwezi kutazama filamu yenye piano bila kuitazama mikono. Nasimamisha picha, narudisha nyuma, nauliza: mkono wa kushoto uko wapi? Mbona noti inasikika hapa na kidole kiko kule? Marafiki zangu wamechoka, hawaniiti tena usiku wa muvi. Lakini ugonjwa wenyewe umenisomesha. Nilianza kwa kutafuta makosa ya vidole, nikaishia kutafuta watu. Kumbe swali la kama filamu inaonyesha upigaji piano kwa ukweli lina historia ndefu, na ndani ya historia hiyo kuna watu waliofanya kazi wasionekane.

Tuanze zamani, kabla filamu haijapata sauti. Wakati huo mpiga piano hakuwa ndani ya picha. Alikuwa ukumbini, chini ya pazia, wa nyama na damu. Picha ilikuwa bubu, naye ndiye aliyeipa machozi na vicheko. Farasi wakikimbia, alikimbia nao. Bibi harusi akilia, alipunguza mwendo. Fats Waller, kabla hajawa jina kubwa la jazi, alikuwa akipiga ogani kwenye ukumbi wa Lincoln, Harlem, na kijana aliyeitwa William Basie, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Count Basie, alikuwa akienda pale kujifunza kwake. Kule Urusi, Dmitri Shostakovich alifiwa na babake akiwa bado kijana, akaingia kwenye kumbi za sinema za Leningrad kupiga piano ili nyumbani wapate chakula. Ilikuwa kazi ngumu, lakini ilikuwa na jambo moja la heshima: ukitaka kujua nani anapiga, unageuza shingo unamwona.

Mwaka 1927 ikaja The Jazz Singer, filamu iliyofungua mlango wa sauti. Miaka michache baadaye kumbi hazikuwa na haja tena na mpiga piano, na wanamuziki kwa maelfu wakapoteza riziki. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Sauti na picha zikawa vitu viwili tofauti, vinavyonaswa siku tofauti na kushonwa pamoja baadaye. Kwa filamu za muziki, kawaida ikawa hii: mwanamuziki anarekodi kwanza studioni, halafu siku ya kupiga picha rekodi inachezwa kwa spika, na mwigizaji anaifuata kwa mwili wake. Ukishaweza kufanya hivyo, unaweza kumpa mtu yeyote mikono ya mtu mwingine.

Mfano maarufu kuliko yote ni Casablanca, ya mwaka 1942. Hata kama hujaitazama, umewahi kuona picha yake: Humphrey Bogart na koti jeupe, Ingrid Bergman na machozi, na pembeni yao Sam, mpiga piano wa kilabu, Mmarekani mweusi. Sam ndiye moyo wa filamu ile. Akipiga wimbo fulani, watu wazima wanavunjika.

Sasa sikia. Dooley Wilson, aliyeigiza Sam, hakujua kupiga piano. Alikuwa mwimbaji, na ala yake ilikuwa ngoma. Aliyepiga ni Elliot Carpenter, mpiga piano mweusi, ambaye aliketi kwenye piano nyingine nje ya jicho la kamera, mahali ambapo Wilson angeweza kumwona na kuiga mienendo ya mikono yake. Tazama tena ukijua hilo, utaona Wilson anatupa macho pembeni mara kwa mara. Siku zote nilidhani Sam anawatazama wateja. Jina la Carpenter halimo kwenye majina yanayoonyeshwa kwenye filamu. Kile kinanda chenyewe, kidogo, chenye vibonye 58 wakati piano kamili ina 88, kiliuzwa kwa mnada New York mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni 3. Kinanda ambacho kwenye picha hakikutoa sauti kina bei na jina. Aliyetoa sauti, ni lazima umtafute.

Na hata Wilson nusura achomolewe. Picha zilipokwisha kupigwa, mtayarishaji Hal Wallis alifikiria kufuta sauti yake kwenye nyimbo na kuweka ya mtu mwingine. Ingekuwa hivyo, Sam angekuwa na uso wa mtu mmoja, vidole vya wa pili, na koo la wa tatu. Bahati nzuri waliacha.

Hollywood ya miaka ile iliupenda mchezo huu. Mwaka 1945 ilitoka A Song to Remember, maisha ya Chopin, huku Cornel Wilde akiwa Chopin mwenye kifua cha mwanamichezo. Aliyepiga muziki ni José Iturbi, na jina lake halikutajwa kwenye filamu. Lakini watu walinunua rekodi ya Iturbi ya ile polonaise zaidi ya nakala milioni moja. Masikio yao yalijua kuna mtu. Kwenye filamu hiyo kuna tukio ambalo limeigwa kwa namna nyingi tangu siku hiyo: Chopin yuko ziarani, anapiga kwa nguvu, na tone la damu linadondoka kwenye vibonye vyeupe. Inapendeza kutazama, lakini Chopin wa kweli aliogopa majukwaa makubwa. Maisha yake yote alifanya matamasha ya hadhara yapatayo 30 tu. Riziki yake ilitoka zaidi kwa kufundisha, mwanafunzi mmoja baada ya mwingine, nyumbani kwake Paris. Na waliomsikia walisifu jinsi alivyopiga kwa upole. Filamu ilitaka shujaa anayepiga piano kama anayepasua kuni.

Je, hakukuwa na mtu anayejua kupiga ambaye angewekwa tu mbele ya kamera? Walikuwapo. Mwaka 1937 Uingereza ilitoa filamu iitwayo Moonlight Sonata, na ndani yake akaketi Ignacy Jan Paderewski mwenyewe, mzee wa zaidi ya miaka 70, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Poland. Mikono ni yake, nywele ni zake, makunyanzi ni yake. Kwa hivyo iliwezekana. Swali ni nani aliruhusiwa.

Hapa ndipo ninapomleta Hazel Scott. Kabla Wilson hajapewa nafasi ya Sam, Wallis alikuwa amefikiria kumfanya Sam awe mwanamke, na mmoja wa waliotajwa ni huyu. Kama wangemchukua, mikono ya Casablanca isingehitaji kuazimwa.

Hazel alizaliwa Port of Spain, Trinidad, mwaka 1920, akahamia New York akiwa na miaka 4. Akiwa na miaka 8 mamake alimpeleka shule ya Juilliard, ambako wanafunzi walitakiwa wawe na miaka 16. Akapiga prelude ya Rachmaninoff. Inasimuliwa kwamba mikono yake ilikuwa midogo mno kufikia noti zilizoachana, kwa hivyo akaziacha na kuweka zilizo karibu zaidi, zinazoelewana. Hebu fikiria: mtoto wa miaka 8 anamrekebisha Rachmaninoff ili atoshee kwenye kiganja chake. Mwalimu mmoja wa pale akakubali kumfundisha kwa faragha.

Alipokuwa msichana wa miaka 19 alikuwa akiwatikisa watu pale Cafe Society, kilabu cha New York ambako weusi na weupe waliketi pamoja, jambo la nadra wakati ule. Kazi yake ilikuwa kuuchukua muziki wa Bach au Liszt, kuupiga kwanza kama ulivyoandikwa, halafu pole pole kuupindisha mpaka unakuwa jazi. Hollywood ikamwita. Wanawake weusi waliokuwa wakiitwa Hollywood kwa kawaida walipewa aproni: wewe ni mjakazi, fungua mlango, sema ndiyo bibi. Hazel akakataa. Mikataba yake ilisema atatokea kama yeye mwenyewe, kwa jina lake, akipiga piano, na mavazi yake atayaamua yeye.

Ukitaka kuona piano ikipigwa kikweli kwenye filamu ya zamani, tafuta The Heat's On, ya mwaka 1943. Filamu yenyewe si kitu sana. Lakini Hazel anaketi kati ya piano mbili, moja nyeusi na moja nyeupe, anazipiga zote mbili kwa pamoja huku akitabasamu kama mtu anayepiga gumzo kibarazani. Nimesimamisha picha kila mahali. Mkono uko pale sauti ilipo. Mwaka 2019 Alicia Keys aliketi hivyo hivyo kati ya piano mbili kwenye tuzo za Grammy, akamtaja kwa jina. Vijana wengi walisikia jina la Hazel Scott kwa mara ya kwanza usiku ule, nami nikiwemo.

Filamu hiyo hiyo ndiyo iliyomponza. Kulikuwa na onyesho ambapo wanawake weusi wanawaaga wanaume wao wanaokwenda vitani, na wacheza dansi wakapewa aproni chafu wavae. Hazel akauliza: nani huenda kumuaga mpenzi wake akiwa na aproni chafu? Akagoma. Siku 3 kazi ikasimama. Aproni zikaondolewa, lakini mkuu wa studio akaapa kwamba huyu hatacheza filamu tena. Rhapsody in Blue, iliyotoka mwaka 1945, ndiyo ikawa ya mwisho kwake katika Hollywood ya zama zile.

Mwaka 1950 akapata kipindi chake cha televisheni, dakika 15, mara 3 kwa wiki, yeye na piano yake. Hakuna mwanamke Mmarekani mweusi aliyewahi kuwa na kipindi chake mwenyewe kabla yake. Ilikuwa wakati wa kuwinda wakomunisti. Jina lake likachapishwa kwenye orodha ya watuhumiwa, akajipeleka mwenyewe mbele ya kamati ya Bunge mwezi Septemba kujitetea. Wiki moja baadaye kipindi kikafutwa. Miaka michache mbele akahamia Paris. Leo hakuna hata sehemu moja ya kipindi kile inayojulikana kubaki. Mikono iliyopigwa picha mara 3 kila wiki, yote imepotea.

Kwa hivyo mtu akiniuliza kama filamu za zamani zilionyesha upigaji piano kwa ukweli, huwa nashindwa kujibu kwa neno moja. Teknolojia iliweza. Wapigaji walikuwapo. Kilichoamua mara nyingi ni nani ana haki ya kuonekana akiwa hodari.

Siku hizi mambo yamebadilika kidogo. Mtazamaji ana simu, anaweza kusimamisha picha kama mimi, na waigizaji wanajua. Holly Hunter alipiga mwenyewe kwenye The Piano, ya mwaka 1993, na ukimtazama unaona mtu anayesikiliza vidole vyake, kitu ambacho ni vigumu sana kuigiza. Geoffrey Rush alikuwa amejifunza piano utotoni, akarudi kwa mwalimu ili aigize Shine, ya mwaka 1996. Jamie Foxx alipata ufadhili wa chuo kikuu kwa sababu ya piano, kabla hajawa mchekeshaji wala mwigizaji. Ndiyo maana kwenye Ray, ya mwaka 2004, hata mabega yake yanajua wimbo unaelekea wapi. Ray Charles mwenyewe alikutana naye wakapiga pamoja, akafariki mwezi Juni mwaka huo, miezi michache kabla filamu haijatoka. Ryan Gosling alikaa miezi kadhaa akijifunza vipande vya La La Land, na vidole unavyoviona ni vyake, ingawa sauti unayoisikia ilirekodiwa na Randy Kerber. Kwenye Green Book, Mahershala Ali alifundishwa na Kris Bowers, ambaye pia ndiye aliyepiga muziki na kutoa mikono kwa picha za karibu.

Lakini kuna uongo mwingine ambao kufundisha vidole hakuuondoi. Chukua The Pianist, ya mwaka 2002, hadithi ya kweli ya Władysław Szpilman, Myahudi aliyejificha ndani ya magofu ya Warsaw. Afisa Mjerumani anamkuta, anamwambia apige. Kwenye filamu anapiga ballade ya Chopin, kipande kigumu ambacho wanafunzi wa piano hukipigania kwa miaka. Adrien Brody alifanya mazoezi kweli kweli, na sauti ni ya Janusz Olejniczak. Ni tukio linalonyanyua nywele. Szpilman mwenyewe, kwenye kitabu chake, anasimulia mengine. Alikuwa hajagusa piano kwa miaka 2 na nusu. Vidole vilikuwa vimekakamaa, vimejaa uchafu, kucha hazijakatwa. Nyuzi za piano zilikuwa zimelegea. Akapiga nocturne, kipande kifupi cha polepole, kitu ambacho mkono uliokufa nusu unaweza kukibeba.

Mtu asiyepiga ala anaweza kuona hilo ni dogo. Mimi naona hapo ndipo roho ya kazi yetu ilipo. Mkono usiofanya mazoezi unasahau. Ukikaa wiki 2 bila kugusa kinanda, unarudi kama mgeni kwenye nyumba yako. Filamu hupenda kipaji kama radi: mtoto anaketi, dunia inanyamaza. Hazionyeshi mtu akirudia mstari mmoja mara 60 kabla ya chai, huku jirani akigonga ukuta. Na mtu akiamini kwamba muziki hushuka tu, hawezi kuelewa kwa nini ulipwe.

Nitakuambia filamu mbili ambazo hazijawahi kunipa shida ya kusimamisha picha. Moja ni katuni ya Tom na Jerry, The Cat Concerto, iliyotwaa Oscar. Tom anapiga rhapsody ya Liszt, na walioichora walijali kiasi kwamba kwa sehemu kubwa makucha yake yanagonga pale sauti inapotoka. Paka, ndugu yangu. Paka wa kuchorwa kuliko Chopin wa A Song to Remember. Nyingine ni Soul, ya mwaka 2020. Joe Gardner ni mwalimu wa muziki wa shule huko New York, mtu mweusi wa makamo anayesubiri siku yake. Jon Batiste alipiga, kamera zikanasa mikono yake, na wachoraji wakaifuata kidole kwa kidole. Batiste na wenzake walioutunga muziki wakapata Oscar. Jina lake liko pale, mikono yake iko pale, ingawa imechorwa. Mikono ya Joe ni ya kuazima kama ile ya Sam, tofauti ni kwamba safari hii mwenye mikono alitajwa.

Sasa sidai kila mwigizaji ajue kupiga. Dooley Wilson alimfanya Sam awe mtu, na hakuna vidole vya Carpenter vingeweza kuigiza yale macho. Filamu ni kazi ya watu wengi, na kuazimana si dhambi. Hata huku kwetu tunaazimana sufuria, viti vya matanga, mpaka suti ya harusi. Lakini ukiazima sufuria ya jirani, unajua ni ya nani, na siku ya kuirudisha unaibeba ikiwa imeoshwa.

Siku hizi filamu ikiisha siondoki. Natazama majina yote, mpaka yale madogo madogo ya mwisho, nikitafuta aliyepiga piano. Wakati mwingine nampata. Wakati mwingine napata jina la aliyewapikia chakula na la dereva, ambao pia wanastahili, halafu kimya.

Wiki iliyopita yule produsa alinipigia. Kuna wimbo mwingine, anataka kinanda, bei imepanda kidogo. Nikamwambia nitakuja, ila jina langu liandikwe kwenye video, mahali mtu anaweza kulisoma. Akanyamaza. Nikamsikia akivuta pumzi, kisha akasema, "Tutaona, msee wangu."

Nikamtumia jina langu kwa ujumbe, yote mawili, kwa herufi kubwa, ili siku wakiliandika wasikosee tahajia. Halafu nikarudi kwenye mazoezi, kwa sababu kipande chenyewe kina besi ngumu na nina siku 4 tu.